Kumpima Mtafiti wa Malaria kwa Nukuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mkutubi hapa Moshi. Ikifika miezi ya kujaza fomu za kupanda daraja na za kuomba ruzuku, watafiti wa malaria hupanga foleni mezani kwangu na ombi moja: "Dada, nitolee h yangu," yaani kile kipimo cha nukuu nitakachokieleza hapa chini. Wamo wataalamu wa mbu waliotoka Mabogini na matope bado viatuni, wamo madaktari wa watoto wenye dakika 10 tu kabla ya kurudi wodini, na wamo wanafunzi wa uzamili waliolisikia neno hilo wiki iliyopita. Maswali yao nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Nimeyaandika hapa ili anayekuja aje akiwa ameshapata mwanga, tutumie muda wetu kwenye yale yanayohitaji watu wawili mbele ya kompyuta moja.

Nukuu ni nini, na nani alianza kuzihesabu?

Ukiitaja makala ya mtu kwenye marejeo ya makala yako, umemnukuu. Hiyo ni nukuu moja. Vijana wengi husema "saitesheni", ni kitu kile kile. Haihusiani na maneno ya mtu yaliyowekwa ndani ya alama za usemi. Inaonyesha kwamba umepita kwenye kazi ya mwenzako, ukaitegemea, ukaibishia, au ukaitaja kwa adabu tu.

Wazo la kuzikusanya nukuu za sayansi nzima mahali pamoja lilitolewa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955, katika jarida la Science. Miaka ya 1960 taasisi yake ikaanza kutoa faharasa ya nukuu iliyokuja kuzaa hifadhidata ya leo ya Web of Science. Garfield alitaka msomaji aliyeshika makala ya zamani aweze kwenda mbele badala ya kurudi nyuma tu: aone nani aliichukua akaiendeleza, nani aliikosoa, nani aligundua kosa. Mambo ya kupanga watu kwa namba yalishika kasi baadaye.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu ndiyo ninayorudia kutwa. Nukuu ni nyayo. Anayezihesabu bila kutazama zimeelekea wapi ameitupa sehemu yenye faida.

Kipimo cha h kinapigwaje?

Chukua karatasi. Orodhesha makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi kushuka chini. Tuseme unazo 9, na nukuu zake ni 41, 22, 15, 9, 6, 6, 3, 1 na 0. Sasa teremka nazo ukihesabu nafasi. Ya kwanza ina 41, imepita. Ya pili ina 22, imepita. Endelea hivyo mpaka ya sita, yenye 6: imefika palepale. Ya saba ina 3, haifiki 7, umekwama. h yako ni 6, yaani una makala 6 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 6.

Kipimo hiki kilitungwa na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule San Diego, mwaka 2005. Kilipendwa upesi kwa sababu kinaunganisha wingi wa kazi na kunukuliwa kwake katika tarakimu moja tu.

Sasa fanya jaribio dogo kwenye karatasi hiyohiyo. Futa ile 41, andika 900. h yako imebaki 6. Makala iliyosomwa dunia nzima imehesabiwa sawa na iliyosomwa na jirani zako. Halafu jiulize h inashuka lini. Haishuki. Mtafiti aliyeacha kazi miaka 15 iliyopita bado h yake inaweza kupanda polepole. Kwa hiyo h inapima pia umri wa mtu kazini, na mwenye miaka 6 kazini hawezi kuwekwa mzani mmoja na mwenye miaka 30.

Ile i10 unayoiona Google Scholar ni rahisi zaidi: ni idadi ya makala zenye nukuu 10 au zaidi. Kwa mfano wetu ni 3.

Mbona Google Scholar inanipa namba kubwa kuliko Scopus?

Kwa sababu haziangalii vitu vilevile. Zote mbili hukusanya makala na nukuu zake, na zote zilianza mwaka 2004, lakini Scopus huingiza majarida yaliyochaguliwa, wakati Google Scholar huokota karibu kila kinachofanana na andiko la kitaaluma: tasnifu za wanafunzi, makala tangulizi ambazo bado hazijapitiwa na wataalamu, ripoti za miradi, sura za vitabu, na mara nyingine andiko moja mara mbili. Web of Science nayo huchagua kwa ukali zaidi, na majarida mengi ya Afrika hayamo.

Kwa mtafiti wa huku tofauti hiyo ina uzito. Mwanafunzi wa Tengeru akikunukuu kwenye tasnifu yake, au mtu akikunukuu kwenye jarida dogo la kanda, Scopus inaweza isijue kabisa. Kosa baya zaidi ninaloliona ni kuchanganya: h ya mwombaji mmoja kutoka Google Scholar, ya mwenzake kutoka Scopus, halafu zinawekwa kwenye jedwali moja. Andika chanzo na tarehe uliyotazama, kila mara. "h = 11, Scopus, tarehe fulani." Bila hivyo namba haina kwao.

Jina langu la ukoo ni la Kichaga, na nikilitafuta wanatokea watu 20. Nifanye nini?

Swali hili lingestahili ukurasa wake peke yake. Mikoa yetu ina watafiti wa malaria wengi kweli, na wengi wao wanagawana majina machache ya ukoo: Mosha, Lyimo, Massawe, Mushi, Kimaro, Shayo, Temba, Swai. Majarida nayo hukata jina la kwanza na kubakiza herufi. Andika "Mosha F" uone. Atatokea mtu wa mbu, mtu wa dawa, mtu wa wajawazito, na mwingine ambaye hata malaria haimhusu, wote wamekaa kwenye kapu moja kama ndugu wa baba mmoja.

Niliwahi kuingia mtegoni mwenyewe. Ofisi moja iliniomba wasifu wa nukuu wa daktari fulani, haraka, jioni ileile. Nikautoa nikiwa na furaha kwa jinsi ulivyopendeza. Asubuhi daktari mwenyewe akaja mezani, akasalimia, akaushika, akasoma kimya mpaka chini. Akaweka kidole kwenye mstari wa nne. "Mwanangu, hii si yangu. Na hii. Mimi sijawahi kupasua tezi la mbu." Makala 9 kati ya 30 na kitu zilikuwa za mtu mwingine wa ukoo wake. Na mbili zake zilikosekana, kwa sababu zamani aliandika kwa jina la baba kabla hajaanza kutumia la ukoo.

Tangu siku ile sitoi wasifu wa mtu bila yeye kuupitia mstari kwa mstari.

Dawa ipo. ORCID, iliyoanza mwaka 2012, hukupa namba yako ya tarakimu 16 ambayo hakuna mwingine duniani anayo. Ni bure, na kujisajili hakuzidi muda wa kunywa chai. Iweke kwenye kila andiko unalotuma. Kisha chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe: kama ni jina la kwanza, herufi ya katikati na ukoo, basi iwe hivyo mpaka ustaafu. Dada zangu mnaoolewa katikati ya shahada, lifikirieni hili kabla ya makala ya kwanza, si baada ya ya tano. Wasifu wa Google Scholar usiuache ujiongeze makala wenyewe. Uweke kwenye hali ya kukuuliza kwanza.

h ngapi ni nzuri kwa mtafiti wa malaria?

Hakuna. Inategemea miaka yako kazini, tawi lako na chanzo cha namba. Mtu wa majaribio makubwa ya chanjo na mtu anayeainisha mbu kwa hadubini hawawezi kuwa na namba zinazolingana, hata wakiwa hodari sawasawa. Ukilazimika kulinganisha, linganisha makala na makala za mwaka uleule na fani ileile, useme iko kwenye asilimia ngapi ya juu.

Mimi ni wa 27 kwenye orodha ya waandishi 60. Nukuu zote ni zangu?

Kompyuta inakupa zote, kama inavyompa aliyeandika rasimu. Utafiti wa malaria umekuwa kazi ya vikosi. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe na Bagamoyo zikiwemo, na ripoti zake zilitoka kwa jina la ushirikiano mzima. Jina lako likiwa kwenye kazi ya namna hiyo, h yako inaweza kupanda kwa kasi ambayo makala zako nyingine zisingeifikia kwa miaka 10.

Sikatai kwamba ni zako. Wasioziona kazi hizi kwa karibu hudhani mtu wa katikati ya orodha amebebwa. Nenda ukaone. Mtu wa katikati ndiye aliyeamka saa 10 usiku kwenda Chekereni kukusanya mitego ya taa kabla jua halijaua mbu, akawahamishia kwenye vikombe vya karatasi, akaweka pamba yenye maji ya sukari juu ya wavu, akaandika namba ya nyumba kwa penseli kwa sababu wino huchuruzika. Asingefanya hivyo, hakuna jedwali la pili, na bila jedwali la pili hakuna makala.

Ninachosema ni kwamba fomu iseme ukweli. Kwenye fani za afya, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi na uandishi, wa mwisho ndiye aliyeongoza kikundi. Tenganisha: makala ulizotangulia, ulizoongoza, ulizoshiriki. Majarida mengi sasa huchapisha pia nani alifanya nini. Nakili sentensi hiyo, ni ushahidi mzuri kuliko namba. Na kama wewe ndiye kiongozi wa kikundi, mwulize fundi wako wa maabara kama jina lake limo. Mara nyingi mno halimo, na hapo hakuna kipimo cha nukuu kitakachomwona hata kidogo.

Kunukuliwa sana si ishara kwamba kazi ni sahihi?

Si lazima. Mfano ninaoupenda ni wa nchini kwetu. Mwaka 1994 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, lililofanywa kwa watoto wa Kilombero chini ya kituo cha utafiti cha Ifakara. Chanjo ilionekana kukinga kwa asilimia 31. Dunia ikachangamka. Mwaka 1995 jaribio la Gambia likaja halikuona kinga, na 1996 la Thailand vilevile.

Sasa makala ile ya 1994 ikinukuliwa, ananukuu nani na kwa nini? Yupo anayesema ilitoa matumaini. Yupo anayesema matumaini hayo yalizimika. Yupo anayeitaja kwa sababu ilionyesha kwamba jaribio la chanjo ya malaria lenye kiwango cha juu linaweza kufanyika kijijini Afrika, jambo lililokuja kuwa msingi wa majaribio yote yaliyofuata. Kompyuta inaandika 1, 1, 1. Kazi ilikuwa safi, chanjo haikufaa, na nukuu zinasema mambo matatu tofauti. Lazima ufungue na kusoma.

Kwa nini makala za mbinu hunukuliwa kuliko za ugunduzi?

Kwa sababu kila anayetumia mbinu anawajibika kuitaja. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen walionyesha namna ya kukuza vimelea vya malaria aina ya *Plasmodium falciparum* kwenye damu ya binadamu ndani ya maabara bila kukatika. Mwaka 1979 Lambros na Vanderberg wakaeleza namna ya kuvifanya vimelea hivyo viwe na umri mmoja, kwa kutumia sorbitoli. Hadi leo anayekuza vimelea anazitaja.

Upande wa pili yupo Ronald Ross. Agosti 20, 1897, huko Secunderabad, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu, na mwaka 1902 akapewa Nobel. Umesoma makala ngapi zinazosema mbu ndiye anayeeneza malaria? Ngapi zimemnukuu Ross? Ugunduzi ukishakuwa maarifa ya kila mtu, hata mtoto wa darasa la tatu, hakuna tena anayeona haja ya kumtaja mwenyewe. Ushawishi mkubwa kupita wote hauna nukuu.

Tu Youyou alipata Nobel. Nukuu zake zilisema nini?

Tu alishiriki katika mradi wa siri wa China ulioanza Mei 23, 1967, kutafuta dawa ya malaria, na kikundi chake kikaitoa artemisinini kwenye mmea wa qinghao. Makala ya mwaka 1977 iliyoeleza umbo la dawa hiyo ilichapishwa kwa Kichina, na mahali pa jina la mwandishi palisomeka kikundi cha ushirikiano cha utafiti wa qinghaosu. Hapakuwa na jina la mtu. Hakuna kipimo cha h kingeweza kumpata mama yule. Nobel ilikuja mwaka 2015. Kabla ya hapo, kwa miaka, watoto wa nchi hii walikuwa tayari wanameza dawa ya mseto: Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikachukua SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 sera ikahamia ALu (artemetha na lumefantrini), ambayo nusu yake inatokana na artemisinini.

Utafiti wetu umebadili sera, lakini nukuu bado chache. Naonyeshaje?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ndipo watafiti wa Moshi wanapodhulumiwa na namba.

Chukua vyandarua vyenye PBO, kile kiungo kinachodhoofisha kinga ya mbu sugu ili kiuatilifu kifanye kazi. Jaribio kubwa lilifanyika Muleba, Kagera, likiwashirikisha watafiti wa NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wa chuo cha tiba cha KCMC hapa Moshi na wa London. Septemba 2017 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo la masharti la kuvitumia vyandarua hivyo, likitegemea matokeo hayo. Makala yenyewe ikatoka Lancet mwaka 2018. Soma tarehe hizo tena. Siku sera ya dunia inabadilika, nukuu za makala hiyo zilikuwa sifuri, kwa kuwa makala haikuwepo. Kamati ya shirika hilo ilipewa matokeo mapema, kama inavyotakiwa pale maisha ya watoto yanapohusika.

Halafu Misungwi, Mwanza. Timu iliyohusisha taasisi hizohizo ikalinganisha aina tatu za vyandarua vyenye viambato viwili na vya kawaida, na vile vyenye kiuatilifu cha klorfenapiri vikaonyesha nguvu zaidi. Lancet, 2022. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa nguvu. Mama wa Sengerema anayefunga chandarua cha namna hiyo jioni hatamnukuu mtu. Mhasibu wa wizara aliyeandika oda naye hatamnukuu mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua mwongozo wa malaria wa Shirika la Afya Duniani, tafuta jina lako au la utafiti wenu kwenye marejeo na kwenye majedwali ya ushahidi, uandike ukurasa. Fanya vivyo hivyo kwa miongozo ya wizara yetu ya afya. Hifadhi barua ya mwaliko wa kikao cha wataalamu na muhtasari uliokutaja. Upo mkusanyo uitwao Overton unaofuatilia nyaraka za sera na kuonyesha zimenukuu makala gani. Una mapengo kwa nchi zetu, lakini huwa unaniokotea vitu ambavyo Scopus haivioni. Sentensi moja inayosema "utafiti huu ulitumika kwenye pendekezo la mwaka fulani" yenye ushahidi nyuma yake ina uzito kuliko h mbili.

Kazi ya hapahapa Moshi inaweza kweli kuwafikia watu wa mbali?

Inaweza, na imewahi. Tazama mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, yaliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980. Kila mtu alitegemea kwamba maji yakitwama mwaka mzima, malaria itapanda. Ijumba, Mosha na Lindsay wakaenda kupima katika vijiji vya mpunga, vya miwa na vya nyika kavu, wakachapisha mwaka 2002. Mbu walikuwa wengi kupindukia kwenye mpunga. Malaria ilikuwa kidogo kuliko nyikani. Ijumba na Lindsay walikuwa wameshaandika mapitio mwaka 2001 kuhusu hali hiyo katika Afrika nzima, wakaieleza kama kitendawili cha mpunga: mwenye shamba lenye maji anapata fedha, ananunua chandarua, anajenga nyumba bora, anafika zahanati mapema.

Mapitio yale hufunguliwa na watu wa aina mbili ambao kwa kawaida hawakutani: wa malaria na wa umwagiliaji. Ndiyo sababu ninapokaa na mtafiti siishii kwenye idadi. Tunafungua orodha ya walionukuu, tunasoma aya moja moja, na pembeni ya kila moja tunaandika kwa penseli: "ametumia mbinu", "anabisha", "amejenga juu yake", "ametaja tu". Kwa makala yenye nukuu 40 tunamaliza kabla ya chakula cha mchana. Nimeona mtu mzima akinyamaza kabisa baada ya kugundua kwamba kazi aliyoidharau, yenye nukuu 12 tu, zote 12 zimejenga juu yake, wakati ile anayojivunia, yenye 60, imetajwa mara 50 katika sentensi ya kwanza ya utangulizi pamoja na nyingine sita.

Nikichapisha kwenye jarida lenye kipimo kikubwa, si inatosha?

Kipimo cha athari, kile kiitwacho kwa Kiingereza impact factor, ni wastani wa nukuu za makala za jarida, hakikuhusu wewe. Makala chache hubeba nukuu nyingi na zilizobaki huishi kivulini mwao. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, lijulikanalo kama DORA, lilisema wazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kumhukumu mtafiti mmojammoja. Mwaka 2015 ikafuata Ilani ya Leiden katika jarida la Nature, ikitaka namba zisaidie hukumu ya wataalamu badala ya kuishika nafasi yake. Kama kamati yako bado inauliza kipimo cha jarida, jibu ulichoulizwa, kisha ongeza yako.

Kujinukuu ni kosa?

Hapana, kama kazi mpya imeota kwenye ya zamani. Ukifuatilia mbu wa kijiji kimoja miaka 12 utajinukuu tu. Kosa ni kujipachika pasipohusika, au kikundi kukubaliana kunukuuana. Toa hesabu mbili, yenye nukuu zako mwenyewe na isiyo nazo, na hakuna atakayekuuliza zaidi.

Nimeandikiwa barua pepe: jarida litachapisha kwa siku 5. Nitume?

Usitume. Tazama kama wahariri ni watu wa kweli wanaojulikana kwenye malaria, kama jarida limo PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba, au Scopus kwa kulitafuta mwenyewe humo, na kama ada imetajwa wazi kabla. Ukiwa na shaka nipigie. Na anayeuza nukuu ni wa kumkimbia. Mbinu hizo zikigundulika, makala huondolewa na jina lako ndilo linalobaki hapo.

Vipeperushi na maandiko yangu ya Kiswahili yanahesabiwa?

Kwenye Scopus na Web of Science, karibu hayaonekani kabisa. Inaniuma. Mtafiti anaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili safi kuhusu namna ya kuanika chandarua kipya kivulini kabla ya kukitumia, watu wa mtaa wa Pasua hapa Moshi wanakibandika ukutani, na mfumo mzima wa nukuu haujui kama kuna kitu kilitokea. Kiweke kwenye hazina ya machapisho ya taasisi yako, kipate anwani ya kudumu, kiandikwe kwenye wasifu wako pamoja na idadi ya nakala na mahali vilipogawiwa. Nami nakiingiza kwenye katalogi kama chapisho lingine lolote.

Nifanyeje kazi yangu ionekane zaidi, kwa njia ya halali?

Chapisha mahali ambapo mtu asiye na fedha anaweza kusoma. Malaria Journal, kwa mfano, imekuwa huria tangu ilipoanza mwaka 2002, na mganga wa wilaya anaisoma kwenye simu. Ada ikikushinda, omba punguzo. Majarida mengi huwa nalo kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, ila lazima uliombe mapema, kabla makala haijakubaliwa. Ambako jarida linaruhusu, weka nakala ya mwisho ya mwandishi kwenye hazina ya chuo. Taja wilaya na nchi kwenye ikisiri, maana anayetafuta habari za Kilimanjaro ataandika Kilimanjaro. Na data zako zikiwa safi, zitoe zenye anwani ya kudumu: nazo hunukuliwa.

Nije na nini mezani kwako?

Njoo na namba yako ya ORCID, orodha ya makala zote kwa mikono yako hata zile unazozionea aibu, majina yote uliyowahi kuyatumia kuandika, na fomu yenyewe unayojaza ili tuone inauliza nini hasa. Kama upo mwongozo wa sera uliotumia kazi yako, uje nao. Njoo asubuhi, siku yoyote isiyo Jumatatu, na utenge saa mbili. Penseli ninazo.